Afadhali Nidaiwe na Nyinyi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo bila kubisha hodi. Ofisi yangu ndiyo ya kwanza kuvuja kila mwaka, kwa sababu ilikuwa stoo ya mashuka hadi hospitali ilipokumbushwa kwamba inatakiwa kuwa na afisa ustawi wa jamii. Nimeweka ndoo juu ya kabati la mafaili na beseni chini ya kiti cha wageni. Mwaka jana niliomba fundi wa paa, nikaletewa beseni la pili.

Nimeamua kuandika masika haya yote. Mama anasema nikitoka kazini hasira zangu nazimalizia kwenye vyombo, na sahani zilizobaki ni za kuhesabu. Basi nitazimalizia hapa.

Jumanne, 5 Machi

Kufuli amevunja mtu bega. Kufuli ni mlinzi wa Wodi ya Mwisho, ile ya watu waliopona lakini hawana bima wala cha kulipia, kwa hiyo hawatoki. Kwenye karatasi inaitwa wodi ya kusubiri. Wanaoishi humo wanaiita mahabusu. Leo mzee mmoja alikuja kumwona binti yake aliyejifungua kwa upasuaji, akamvisha koti lake na kofia, akajaribu kutoka naye wakati wageni wanatoka. Mtoto alikuwa ndani ya kapu. Kufuli hakuuliza kitu. Alinyanyua rungu akampiga baba wa watu begani, na mfupa ulisikika mpaka dirisha la dawa. Mzee aliangukia kapu. Tulimtoa mtoto akiwa mzima, namshukuru Mungu. Sasa familia moja ina vitanda viwili na bima hakuna hata moja.

Nilimwuliza Kufuli kama ana baba. Akasema, "Dada, mgonjwa akitoroka, bili yake inakatwa kwenye mshahara wangu. Wewe unakatwa nini?"

Nimemwandikia mkurugenzi barua ya kurasa mbili. Sijawahi kumchukia mtu kazini namna hii.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Hakuna aliyepigwa.

Jumatatu, 11 Machi

Wafagia barabara wameleta mwanamke waliyemkuta mtaroni, maji yakimfika kifuani. Taya limevunjika pande mbili, mkono wa kushoto umevunjika, mbavu sijui ngapi. Hana kadi, hana simu, hana viatu. Anasema aliteleza. Nimeona mitaro mingi, bado sijaona unaompiga mtu ngumi kulia kisha kushoto.

Jumatano, 20 Machi

Yule mwanamke amefungwa taya kwa waya, kwa hiyo anaongea meno yakiwa yamebanana, na mara nyingi haongei kabisa. Manesi wamempa jina la Bi Kimya. Nimekaa naye asubuhi nzima. Jina lake hasemi, mtaa wake hasemi, ndugu hana. Nilimweleza kazi yangu: asiye na bima namwombea msamaha wa bili, lakini lazima niandike kwamba nimetafuta ndugu na sikupata. Nisipotafuta, msamaha haupiti, na mfupa ukishaunga anahamishiwa kwa Kufuli.

Akasema, "Nipeleke huko."

Nilidhani dawa za maumivu ndizo zinazoongea.

Jumanne, 26 Machi

Umeme ulikatika wodini mchana, na wagonjwa wakaanza kulilaani shirika la umeme na ukoo wake wote. Bi Kimya akacheka puani. Alisema kwa meno yake yale yaliyobanana kwamba umeme ukikatika mtaani kwao majirani wanamjia yeye, utadhani yeye ndiye analala na transfoma. Wodi nzima ilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kisha nikatoka nje taratibu nikapiga simu.

Watu wanasema nina pua ya mbwa katika kutafuta ndugu, na mimi nasikia raha wanaposema. Kufikia jioni shirika la umeme lilikuwa limenitajia fundi wao wa nguzo ambaye mkewe amepotea tangu mvua zianze. Fundi ana bima ya kazini. Mke ni mtegemezi, jina lake liko kwenye mfumo, kila kitu kinalipwa. Nilirudi nyumbani nikiimba. Mama akaniuliza nani kafa huko hospitali mpaka nimefurahi hivi.

Alhamisi, 28 Machi

Mume amekuja. Mrefu, mpole, shati limepigwa pasi, na mkononi sabuni, maziwa na gazeti la kumsomea mkewe. Aliwasalimia manesi wote, "Shemeji zangu, poleni na kazi," na kufikia saa saba kila mtu alikuwa anamwita Shemeji. Aliniambia mkewe alivamiwa na vibaka, na kwamba amezunguka mpaka vyumba vya maiti akimtafuta. Machozi yalimtoka. Nilimpa kitambaa changu.

Alipoingia wodini Bi Kimya alijikojolea pale pale kitandani. Nesi akasema ni kibofu, hutokea baada ya nusu kaputi. Nusu kaputi aliipata wiki mbili zilizopita. Hilo nililijua nikiwa nimesimama pale, nikalimeza, kwa sababu nilikuwa nimeshampigia simu mhasibu.

Mume alipokwenda dirisha la malipo na kadi yake, Bi Kimya alinishika mkono kwa ule mkono wake mzima. Ana nguvu sana.

"Usiniruhusu," alisema. "Afadhali nidaiwe na nyinyi."

Nilimjibu kwamba hakuna cha kudaiwa, bima imelipa, na kwamba fahari si wakati wake. Fahari! Nilimwambia mtu aliyevunjwa taya kwamba ana fahari. Aliniangalia, halafu akaangalia dari. Saa tisa aliondoka kwenye kiti cha magurudumu, mume akimfunika mwavuli, na Kufuli akawafungulia geti akapewa ya soda. Mimi niliona nimemwokoa na mahabusu.

Jumatatu, 1 Aprili

Mkurugenzi amejibu barua yangu. Inashughulikiwa. Mzee wa bega bado yuko kitandani, binti bado yuko Wodi ya Mwisho, na mtoto ameanza kucheka na watu.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Nyumbani paa nalo limeanza. Mama analala na sufuria miguuni.

Jumanne, 16 Aprili

Bi Kimya amerudi.

Sijui nianzie wapi. Kaletwa na jirani kwa mkokoteni, kafunikwa turubai. Nilipolifunua sikumtambua, nikamwuliza jina kama mgeni. Waya za taya zimekatwa. Mumewe alizikata mwenyewe kwa koleo lake la kazini, akimwambia ale vizuri sasa, ameshachoka kupika uji. Jirani alisikia kila kitu ukutani. Koleo limekwenda na meno mawili na kipande cha ulimi. Mgongo wote una mistari iliyopasuka, miwili miwili, ya waya mnene, na kifundo cha mguu wa kulia kimepondwa ili asitembee. Jirani alisema tangu siku ile ya mwavuli hapakupita jioni bila kilio. Aliniambia taratibu kabisa, hakujua nani alipiga simu.

Nilikwenda chooni nikatapika. Kisha nikarudi nikakaa chini, sakafuni, karibu na kichwa chake. Nilisema ni mimi niliyempigia simu. Alipepesa macho. Alikuwa anajua tangu mwanzo.

Daktari wa mifupa, kijana wa watu ambaye huwa hatukani, alitukana leo.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimekwenda polisi. Afande wa zamu aliniambia mlalamikaji aje mwenyewe. Nikasema mlalamikaji hana ulimi mzima wala mguu. Akasema basi akipona. Kisha akaniuliza kama mimi nimeolewa, akacheka na mwenzake. Nilirudi na mvua ikanilowesha mpaka ndani, na hata baridi sikuisikia kwa hasira.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimefanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu niajiriwe. Bi Kimya nimemwandikisha kama mgonjwa asiyejulikana, asiye na bima, asiye na ndugu. Nimemwomba daktari amhamishie Wodi ya Mwisho ingawa vidonda vibichi. Alinitazama kidogo, akasaini.

Kisha nikaenda kwa Kufuli. Nilimwambia yule mama asitolewe, hata aje waziri. Nilitegemea anidhihaki. Alisema tu, "Huyu ni wa mwavuli?" Nikasema ndiye. Akavuta kiti chake kutoka getini akakiweka mlangoni mwa wodi.

Jumatatu, 22 Aprili

Shemeji amekuja na kadi. Mhasibu akamwambia jina hilo halipo wodini. Alishukuru, akawauliza manesi hali za watoto wao, akaondoka. Ni yule yule, shati lile lile lililopigwa pasi. Nilimchungulia dirishani mpaka akatoka getini.

Jumanne, 23 Aprili

Amekuja tena. Ameketi benchi la wageni mpaka jioni, anasoma gazeti.

Jumatano, 24 Aprili

Naandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko utaniwia radhi.

Alibisha hodi ofisini mchana, mvua ikipiga bati kiasi kwamba hata mtu akipiga kelele asingesikika. Alinisalimia, "Dada, habari za kazi." Alifunga mlango nyuma yake akausukumia kabati la mafaili. Ndoo iliyokuwa juu ilianguka ikammwagikia, na hakujipangusa. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mimi ndiye niliyempigia simu, mimi ndiye niliyemrudishia mke, sasa nimemficha, na yeye hapendi kuchezewa. Kisha akatoa kwenye koti kipande cha waya mnene wa nguzoni, kimekunjwa mara mbili. Nikajua ile mistari miwili miwili ilitoka wapi.

Pigo la kwanza lilinipata shingoni. Sikujua kwamba maumivu yana rangi, niliona nyeupe tupu. Nilikinga kwa mkono wa kulia na kidole cha kati kikavunjika. Alinivuta kwa nywele akanibamiza uso kwenye kona ya meza, akaniuliza yuko wapi, akanibamiza tena, akauliza tena, sauti ile ile ya kusalimia manesi. Damu ilinijaa kinywani. Nitasema kweli, maana hapa hasomi mtu: mara ya tatu nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie. Wodi ya Mwisho, ningesema. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Mlango ukavunjwa. Kufuli, aliyeona benchi la wageni limebaki na gazeti tupu, aliingia na kabati likaanguka, mafaili yote majini. Alimpiga rungu kwenye mkono wenye waya. Waya ukaanguka. Alimpiga la pili kichwani, ubavu wa sikio, na Shemeji akaenda chini, uso ndani ya beseni. Alikuwa haamki. Kufuli alimtazama, akapanga miguu yake vizuri, akampiga la tatu.

Hilo la tatu halikuwa la kumzuia. Mimi niliyeandika kurasa mbili kwa ajili ya bega la mzee nilikuwa nimelala chini nikilitazama rungu likipanda, na moyoni nikasema, mpige.

Alhamisi, 25 Aprili

Naendelea na ya jana, jana nilishindwa kumaliza.

Walinishona nyusi, wakanifunga kidole. Huku wakinishona, daktari wa upasuaji alikuja. Damu inavuja ndani ya fuvu la yule bwana, alisema, lazima afunguliwe sasa hivi. Ndugu wa karibu asaini ridhaa. Kama ndugu hayupo, madaktari wawili wanasaini wao. Lakini anasikia mke yumo humu humu hospitalini, na mke akiwepo hawawezi kumruka. Alinipa fomu. Wa kutafuta ndugu si ni mimi.

Nilivuka ua, jicho moja limefumba. Kwenye kiti cha Kufuli hapakuwa na mtu, polisi walikuwa wamemchukua. Bi Kimya alikuwa ameamka. Aliniangalia uso, akanyoosha mkono akanigusa nyusi. Nilimweleza yote, mumewe yuko wapi na maisha yake yananing'inia vipi. Nikamsomea fomu mwanzo hadi mwisho, maana ndiyo kazi yangu.

Aliuliza swali moja. Kwa ule ulimi uliobaki ilibidi alirudie.

"Akipona, atakabidhiwa nani?"

"Ndugu wa karibu," nilisema.

"Mimi."

"Wewe."

Alifumba macho, na nilidhani analia lakini alikuwa anafikiri. Kisha akasema, "Waambie hukunikuta."

Sikumbishia. Sikumwambia lolote kuhusu dhamiri, ingawa maneno hayo ninayo, nimeyasomea. Nilitoka nikapita njia ya dobini, ndefu kuliko zote, nikakaa kwenye benchi lao nikatazama mvua ikipiga mashuka yaliyosahauliwa kwenye kamba. Niliyatazama shuka moja moja. Nilipofika chumba cha upasuaji nilisema mke hayupo katika hali ya kuulizwa. Daktari alinitazama usoni, akamwita mwenzake asaini. Mwenzake alikuwa wodi ya watoto, ikabidi atafutwe.

Shemeji amekufa akiwa kwenye kitanda cha kusukumwa, nje ya mlango wa upasuaji. Baadaye daktari alinifuata akaniambia, bila mimi kumwuliza, kwamba hata tungewahi asingepona. Huenda ni kweli. Nimelala vizuri, na hilo ndilo linalonitisha.

Ijumaa, 26 Aprili

Polisi wamekuja kuchukua maelezo. Ni yule afande wa kucheka, leo hakucheka. Aliniuliza Kufuli alipiga mara ngapi. Nikasema mbili.

Jumatatu, 29 Aprili

Kufuli ameachiwa, yuko getini. Aliniuliza kama ile barua yangu bado iko kwa mkurugenzi. Nikamwambia nimeiondoa. Mtu niliyeapa kwamba alinitetea siwezi kumshtaki kwa rungu lile lile. Mchana mzee wa bega alipita ofisini kuuliza malalamiko yake yamefikia wapi. Nilimwambia yanashughulikiwa. Alinishukuru sana, na nilitamani anitukane.

Jumanne, 30 Aprili

Mama ameniuliza kwa nini siku hizi sivunji kitu.

Ijumaa, 3 Mei

Wamekuja kaka wawili wa marehemu. Wamejua alipo Bi Kimya kwa sababu baada ya kifo ilibidi jina lake litajwe. Wanataka kumchukua leo leo akakae msiba nyumbani kwao. Mkubwa aliongea kwa heshima, na ile heshima ilinisimamisha nywele, maana nilishaisikia. Mdogo hakuwa na subira. Alisema yule mwanamke ana la kujibu mbele ya ukoo, na kwamba mguu mmoja uliobaki unamtosha kusimama akijibu. Alisema hivyo ofisini kwangu, kaketi kiti cha wageni, miguu kaitenga kukwepa beseni.

Kufuli alikuwa mlangoni, mkono uko kwenye rungu. Niliona atapiga, na safari hii kuhesabu kungekuwa kugumu. Nikamwambia atulie. Nikavuta faili.

Nikawaeleza mashemeji zake kwa upole wote niliojaliwa. Bima ilikuwa ya marehemu. Mwenye kadi akifa, na kadi inakufa, na mtegemezi anabaki mikono mitupu. Kwa hiyo shemeji yao sasa ni mdaiwa kama wadaiwa wengine, taya kwa mara ya pili, ulimi, mguu, mgongo, na kitanda juu yake. Hospitali haina kinyongo. Anayemchukua anasaini hapa, na akisaini deni ni lake.

Mdogo akasema marehemu alikuwa na kazi nzuri, lazima kuna namna. Nikasema namna ipo, waanze na kitambulisho. Mkubwa alipapasa mifuko, akasema vitambulisho wameviacha nyumbani. Wakaaga kwa heshima. Kufuli aliwafungulia geti, na sijawahi kuona watu wakitembea haraka hivyo kuelekea msibani.

Ijumaa, 10 Mei

Bi Kimya ametoka leo. Anatembea kwa magongo mawili, na jirani wa mkokoteni amemtafutia chumba mji mwingine, mimi sikuuliza ni upi. Kabla ya hapo ilibidi tujaze msamaha. Nilijaza mwenyewe kwa kidole kilichopinda, naye akiwa kiti cha wageni. Tulipofika kwenye swali la ndugu nilisita, kwa sababu mashemeji zake nimewaona kwa macho yangu na wanapoishi napajua.

"Andika," alisema.

Niliandika kwamba nimetafuta, na sikupata ndugu yeyote. Aliomba nimsomee. Nikamsomea. Akaomba nimsomee tena, taratibu, na safari hii alikuwa anatabasamu kwa lile taya lililopinda, meno mawili hayapo. Nikampigia muhuri.